Barua ya wazi kwa wenye funguo za majengo ya umma: msiache wachoraji wa Jinja tutawanyike

Kwenu Waheshimiwa mnaosimamia utamaduni na majengo ya umma hapa Uganda, na kwenu viongozi wetu wa Jinja,

Nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mchoraji. Nina miaka 43, ni mama wa watoto watatu, na kwa miaka 16 nimefanya kazi katika karakana moja na wachoraji wengine 13, ndani ya ghala kuukuu la pamba karibu na reli, upande wa viwanda. Mwezi uliopita mwenye ghala alikuja mwenyewe, akavua kofia, akatuambia amepata mnunuzi na tuwe tumehama kabla ya Krismasi. Sina ugomvi naye. Mali ni yake, kodi hakupandisha kwa miaka mingi, na mtoto wa mmoja wetu alipolazwa alitusamehe kodi ya miezi miwili bila kuombwa. Nawaandikia ninyi kwa sababu mna funguo za majengo yasiyo na mtu. Tena naogopa kwamba mkisikia wachoraji wamekosa pa kukaa, mtafikiri ni watu 14 wanaotafuta vyumba 14. Mkitupa vyumba 14 katika mitaa 14, mtakuwa mmetumaliza.

Barua hii yote ni ya kueleza sentensi hiyo ya mwisho.

Nilizaliwa Busia, mpakani. Baba alikuwa mpakuzi wa malori, mama aliuza mukene, yaani dagaa. Nilipofika miaka 19 nilikuja kukaa kwa shangazi Walukuba, katika zile nyumba zilizojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Majirani zetu walikuwa Wasoga, Walugbara, Waacholi, Wasamia, Wajaluo, Wanubi. Ndani ya nyumba kila mtu alikuwa na lugha yake, lakini kwenye foleni ya bomba sote tulizungumza Kiswahili, na ugomvi wa mitungi uliamuliwa kwa Kiswahili. Karakana yetu iko hivyo hivyo, ndiyo maana naandika kwa lugha hii. Katiba yetu inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaipitisha. Naomba basi isomwe mezani kwenu kama barua nyingine yoyote.

Kuchora sikufundishwa shuleni. Kazi yangu ya kwanza Jinja ilikuwa kushika ngazi ya mzee mmoja mwandika vibao. Mzee huyo ndiye aliyeandika nusu ya maduka ya mtaa wetu: kinyozi, duka la dawa, saluni, kanisa, gereji. Alinifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, unauvuta, unauachia, unaacha alama nyoofu ukutani. Alinifundisha kwamba nafasi kati ya herufi huipimi kwa rula, unaiona kwa jicho, maana A ikikaa karibu na V inahitaji kusogezwa. Siku moja aliokota kipande cha boksi ambacho juu yake nilikuwa nimemchora kwa nyuma, akiwa juu ya ngazi. Hakusema lolote. Kesho yake alinipeleka ghalani, akawaambia waliokuwamo: "Huyu anaona. Mpeni kona."

Nikapewa kona ya hatua mbili kwa tatu, ubao wa kuegemezea, na mabaki ya rangi kwenye makopo ya watu wengine. Hakuna aliyeniuliza cheti. Nimekuwa katika kona hiyo mpaka leo, na chaki ya urefu wa watoto wangu kila mwaka ipo kwenye nguzo.

Ruhusuni niwaeleze picha inavyotengenezwa, kwa sababu wengi wanadhani mchoraji anahitaji brashi na utulivu tu. Kanvasi ya dukani hatuiwezi. Tunanunua amerikani kwa mita, tunaivuta juu ya fremu ya msonobari, mmoja akivuta kwa koleo na mwingine akipigilia, kwa sababu mtu mmoja akivuta peke yake kitambaa hulegea pembeni. Tunaipaka gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, halafu rangi nyeupe ya ukuta mara mbili, tukiisugua kwa msasa kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Mji huu ulifuma pamba. Bwawa la Owen Falls, tunaloliita sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukaendesha viwanda vya nguo hapa hapa. Mvua ikinyesha, kuta za ghala letu bado hutoa harufu ya mbegu za pamba. Rangi zenyewe zinatoka nje ya nchi na zinafika kwetu zikiwa na ushuru na VAT ya asilimia 18 juu yake, kwa hiyo chupa moja ya bluu nzuri tunainunua watu watatu. Tunaipima kwa kijiko. (Nile yetu, kwa wasioijua, si ya bluu. Asubuhi ni kijani kibichi cha chupa, saa sita ni kama bati, na bluu utaiona kwa dakika chache tu kabla jua halijazama. Lakini wageni wanataka bluu, nasi tuna watoto shuleni.)

Mmoja wetu hatumii amerikani kabisa. Anachora juu ya nguo ya gome la mti wa mutuba, ile iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2005 na kuingizwa mwaka 2008 kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Gome huchunwa msimu wa mvua na kupondwa kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu. Rangi ya maji humezwa mara moja na gome. Alihangaika nalo mwaka mzima, na aliyempa dawa ni fundi wetu wa fremu, mtu ambaye hajawahi kushika brashi ila ya vanishi. Alimwambia apake gundi upande wa nyuma badala ya mbele. Mambo kama hayo hayaandikwi popote. Yanasemwa na mtu aliyekuwa anapita na kikombe cha chai mkononi.

Sasa niwaeleze Ijumaa zetu, kwa sababu hapo ndipo ilipo hoja yangu.

Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni tunaacha kazi. Anayetaka anatundika picha yake ukuta wa mashariki, ambako jua la jioni linaingia kwa dirisha la upande wa pili na kuonyesha kila kosa. Sharti ni moja tu: mwenye picha hasemi mpaka wote wamalize. Anakaa juu ya gunia, anasikiliza. Na si wachoraji peke yao wanaokaa pale. Fundi wa fremu yupo. Mama anayetuuzia chai na mandazi yupo. Waendesha boda wa stejini pale nje huingia wakikosa abiria. Kuna mzee jirani, askari mstaafu, tunamwita Afande, ambaye kwa miaka kumi amekuwa akija na kiti chake mwenyewe.

Mwaka wangu wa tatu nilitundika picha ya wavuvi wa Masese wakivuta wavu. Niliifanyia kazi wiki sita. Wenzangu wakasifu maji. Mmoja akasema mtumbwi unaelea hewani kwa sababu kivuli chake kimesahauliwa. Nikaumia, lakini niliona ni kweli. Kisha mama wa chai, ambaye marehemu mumewe alikuwa mvuvi, akasogea karibu, akaangalia sana mikono ya yule mvuvi wa mbele, akasema: "Huyu hajashika samaki. Wavu wenye samaki hauvutwi kwa vidole, mwanangu. Unavutwa kwa kiuno." Akaweka birika chini, akasimama katikati ya sakafu akatuonyesha. Magoti yalikunjika, mgongo ukaenda nyuma, kisigino kikachimba. Ghala zima likanyamaza. Nadhani sote tulimwona mumewe pale.

Usiku ule nilifuta wavuvi wote wanne nikawachora upya, nikianzia kiunoni. Picha ile ndiyo ya kwanza niliyouza kwa bei iliyolipa karo ya muhula mzima. Na mpaka leo, nikichora mtu yeyote anayefanya kazi, awe mama anayetwanga au kijana anayesukuma baiskeli ya mkaa, naanza na kiuno.

Waheshimiwa, somo lile lilitoka kwa mwanamke ambaye hangeweza kuitwa kwenye semina. Alikuwa pale kwa sababu tunakunywa chai yake, tunakunywa chai yake kwa sababu tuko wengi mahali pamoja, na tuko mahali pamoja kwa sababu kulikuwa na ghala. Ondoeni ghala, na kila kilichofuata kinaondoka nalo.

Tuna kopo la maziwa lenye tundu kwenye kifuniko. Kila picha ikiuzwa, sehemu ya kumi inaingia humo. Kopo hilo limelipa operesheni ya mtoto wa jicho ya yule mzee mwandika vibao, limezika watu wawili, limenunua mabati. Lakini sikulijua thamani yake mpaka mwaka 2020. Mtakumbuka uwanja wa ndege wa Entebbe ulifungwa mwezi Machi, ukafunguliwa tena tarehe 1 Oktoba. Mchoraji wa Jinja anaishi kwa wageni wanaokuja kuona chanzo cha Nile na kushuka mtoni kwa maboti ya mpira. Kwa muda wote huo sikuuza picha hata moja. Waliopata kazi walikuwa waandika vibao wetu wawili tu: NAWA MIKONO, SIMAMA MBALI, HAKUNA KUINGIA BILA BARAKOA. Waliandika kuta, milango, madumu ya maji, waliandika mpaka mikono ikavimba. Fedha ile ilikuwa yao halali. Waliitia yote kwenye kopo.

Ikanunuliwa posho (unga wa mahindi), maharage, sabuni. Boda zilikuwa zimekatazwa kubeba watu, zikaruhusiwa kubeba mizigo, basi vijana wa steji yetu wakawa wanatuletea mafungu nyumbani. Siku moja nilipoletewa fungu nilikuta katikati ya posho mfuko mdogo wa nailoni umefungwa fundo mara tatu. Ndani yake kulikuwa na vijiko viwili vya bluu. Mtu aliona kwamba mbali na njaa kuna ukosefu mwingine ambao ungeweza kuniua, na akanigawia. Mpaka leo hajajitaja. Nilichora uani kwa shangazi juu ya maboksi ya sabuni yaliyofunuliwa, na picha mbili za wakati ule ndizo ninazoziona kuwa bora kuliko zote nilizofanya.

Nchi hii inajua habari ya wachoraji kukaa pamoja barazani kuliko inavyokumbuka. Shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo ina jina la Margaret Trowell, ilianza mwaka 1937 kama mafunzo yasiyo rasmi, mwalimu huyo na wanafunzi wachache wakikaa kwenye baraza ya nyumba yake. Miaka miwili baadaye kazi zao zilionyeshwa London. Mmoja wa wanafunzi wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, Mkenya. Toeni noti yoyote kati ya zile zilizoanza kutumika 2010, mtaona juu yake mnara wa Uhuru, yule mama aliyeviringishwa nguo akiinua mtoto juu. Ni kazi ya Maloba, ilisimamishwa katikati ya Kampala mwaka 1962. Kila Mganda anatembea na sanamu ile mfukoni, na wengi hawajui kwamba ilitoka kwa kundi la watu waliokuwa wakitazamiana kazi.

Kutoka Kilimanjaro walikuja Makerere wachoraji Sam Ntiro na Elimo Njau. Njau alipokwenda Nairobi, mwaka 1965 alishirikiana na wenzake kuanzisha Paa ya Paa ili wasanii wawe na pa kukutana. Yaani jambo la kwanza aliloona linahitajika lilikuwa mahali. Nikimfikiria Jak Katarikawe wa Kigezi nafarijika zaidi, kwa sababu hakuwa na shule ya kusema. Alikuwa dereva Kampala. Kulikuwa na watu wa Makerere walioziangalia picha zake za ng'ombe na ndoto, wakamwambia aendelee, na dereva yule akawa mmoja wa wachoraji wanaotajwa sana Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 2018, lakini Nairobi. Theresa Musoke, binti wa Makerere, naye aliishi na kufanya kazi Kenya miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Miaka ya 1970 tuliwatawanya wachoraji wetu kwa hofu na bunduki, na majirani wakawapokea. Leo hakuna bunduki. Tunaweza kutawanyika kwa ghala kuuzwa tu, kimya kimya, bila mtu kuandika habari hiyo.

Wala hili si la zamani tu. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza na banda lake kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, ikarudi na heshima ya kutajwa kwa namna ya pekee. Walioonyesha walikuwa Acaye Kerunen na Collin Sekajugo. Kazi za Acaye zimeundwa kwa mikeka na misuko ya wanawake wa sehemu mbalimbali za nchi yetu. Heshima ile ya taifa ilipitia mikononi mwa akina mama wanaosuka wakiwa wamekaa chini, pamoja.

Najua mnataka kutusaidia, na mmewahi kujaribu. Msaada unaokuja mara nyingi ni mashindano: mada inatangazwa, picha zinapelekwa, mmoja anapewa hundi kubwa ya karatasi na kupigwa picha. Kijana wetu mmoja alishinda mashindano ya namna hiyo. Waandaaji siwataji, walikuwa na nia njema. Akahamia Kampala, akapanga chumba chenye dirisha zuri, akanunua rangi ambazo sisi tunaziona kwenye katalogi tu. Baada ya miezi 14 alirudi na picha tatu. Aliziegemeza ukutani Ijumaa ile, akakaa juu ya gunia, na kabla mtu hajasema lolote akaanza kulia. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kumwambia kivuli kimesahauliwa. Sasa yuko kona yake ya zamani, anamaliza picha mbili kwa mwezi, na moja ya hizo nzuri sana. Tuzo siipingi. Nasema tu kwamba fedha ile ile ingeezeka paa la watu 14 kwa miaka mingi.

Ninachoomba ni hiki. Jinja ina majengo ya umma yaliyofungwa kwa kufuli zenye kutu: maghala, ofisi za zamani, nyumba za idara zilizohama. Popo wamo, sisi hatumo. Tupeni moja, kwa mkataba wa maandishi wa miaka kumi. Hatuombi bure, kodi tunayolipa sasa tutailipa kwenu. Paa tutaziba wenyewe, umeme tutavuta wenyewe, kuta mnajua tutazifanya nini. Tunachohitaji kutoka kwenu ni sahihi, na kwamba sahihi ile isifutwe uchaguzi ukipita. Miaka kumi nimeitaja kwa sababu. Mtoto anayeingia karakana akiwa na miaka 15 anahitaji kama miaka kumi ili naye awe na la kumwambia mwingine.

La pili ni dogo lakini linatuumiza. Siku moja ofisa mmoja alikuja kutuandikisha kwa ajili ya leseni. Alikuwa kijana mwenye adabu. Kwenye fomu alizobeba hakukuwa na mahali pa kuandika sisi ni nini, akahesabu picha zilizokuwa zimesimama kwenye viegemeo vya mbao siku ile, akaandika duka, mara 11. Ilituchukua miezi mitano na safari nyingi kueleza kwamba picha ambayo haijakwisha haiuzi chochote. Wekeni kwenye fomu zenu neno karakana. Tuhesabiwe mara moja, kama mahali pamoja pa kazi na mafunzo, nasi tutalipa inavyostahili.

Maana mafunzo tunatoa. Tangu mtaala mpya wa sekondari uanze mwaka 2020, wanafunzi wanatakiwa kufanya kazi za mradi kwa mikono yao, na shule nyingi za jirani hazina rangi wala mwalimu wa sanaa wa kudumu. Wanakuja kwetu. Jumatano mchana wanajaa mpaka mlangoni, sare za rangi tano, wakigombania msasa. Tunawafundisha kuvuta amerikani, kuchanganya kahawia ya ngozi bila kutumia nyeusi, kupiga mstari kwa uzi wa chaki. Yule mzee wa vibao, kwa jicho lake lililopona, ndiye mwalimu wa herufi. Hatulipwi na shule wala na mzazi, na hatujawahi kudai. Ila mkihesabu hasara na faida ya kutupa jengo, tafadhali hesabuni na Jumatano.

Jambo lingine ni kuta zenu. Nimeingia ofisi nyingi za umma kutafuta sahihi hii na ile, na ukutani nimekuta picha ya Rais na kalenda. Nimekaa hospitalini na mwanangu usiku mzima nikitazama ukuta mtupu wa rangi ya krimu. Wagonjwa wote walikuwa wanautazama ule ule. Mnapojenga jengo jipya, tengeni fungu dogo la gharama zake linunue kazi za wachoraji wa wilaya hiyo hiyo. Kumbi za taifa zipo, Nommo Gallery pale Nakasero tangu 1964 na ukumbi wa michezo wa taifa tangu 1959, nasi tunaziheshimu, lakini ziko Kampala. Kutoka kwetu ni kilomita 80, picha zikiwa zimefungwa juu ya taksi, na mwaka juzi mvua ya msitu wa Mabira ilitukuta kabla ya soko la Najjembe. Wauza kuku wa pale walivua turubai za vibanda vyao wakatufunikia picha, wao wakalowa. Kati ya picha tisa tulipoteza moja. (Suala la picha zetu kunakiliwa na kuuzwa kwenye maduka ya zawadi siligusi leo, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inatulinda. Hilo lina barua yake.)

Mtaniambia kuna barabara zenye mashimo na vituo vya afya visivyo na dawa. Najua, barabara hizo ninazipita kwa miguu, na dawa hizo nimezikosa mimi. Kama ningekuwa naomba mamilioni mngekuwa na haki ya kunijibu hivyo. Naomba ufunguo wa nyumba ambayo hamuitumii. Gari la wagonjwa halitapungua kwa sababu kufuli moja limefunguliwa.

Katika wiki hizi nimewaona wenzangu wakianza kupima pa kwenda. Mmoja ameulizia chumba kwa mjomba wake Iganga. Mwingine anasema atachora barazani kwake Walukuba mpaka mambo yatengemae, na tunajua yana kawaida ya kutotengemaa. Fundi wa fremu ameanza kuuza mbao zake. Afande Ijumaa iliyopita alikuja na kiti chake kama kawaida, lakini alipoondoka alikiacha, akasema kama mtahama nacho mtanijulisha kilipo. Mama wa chai haulizi. Anamimina tu, na siku hizi hachukui fedha ya kikombe cha pili.

Tupo ghalani kila siku isipokuwa Jumapili. Yeyote kati yenu akitaka kuona kabla ya kuamua, aje Ijumaa saa kumi na moja. Ukitoka mjini, vuka reli, ghala la tatu, mlango wa kijani ulioandikwa RANGI MBICHI kwa mkono wa mzee wetu. Gongeni kwa nguvu, maana msumeno wa fundi una kelele. Viti ni magunia. Chai ipo. Wiki hii atakayetundika ni binti wa miaka 16 wa zile Jumatano, picha yake ya kwanza, na sharti ni lile lile kwa kila aliyemo, awe mheshimiwa au mwendesha boda: mkiona kivuli kimesahauliwa, mwambieni.

Wenu kwa heshima,

Mchoraji wa Walukuba, Jinja,
kwa niaba ya wenzangu 13